Tenga la Babu na Wajukuu wa Khan

Kituo cha Wilaya ya Khukh Tolgoi,
Mkoa wa Arkhangai,
Mongolia.

14 Oktoba 2004

Mdogo wangu mpendwa Gombosuren,

Salamu nyingi zikufikie huko Leipzig, wewe na afya yako na hilo goti lako la kushoto. Vuli unaipita kwa amani? Mifugo imenona? Najua huna mifugo, una tramu tu unayoiendesha, lakini mama alitulea hivyo na mimi sijui kuanza barua bila kuulizia mifugo. Basi niambie, tramu yako imenona? Inakula vizuri?

Sisi huku hatujambo. Miguu inaniuma theluji ikikaribia, na meno yaliyobaki ni ya kupeana zamu, lakini chai ya chumvi inapita na ugoro unapita, kwa hiyo sina la kulalamika mbele za watu. Mbuzi wameongezeka. Yule ng'ombe mwekundu asiye na pembe amezaa ndama anayefanana naye hadi kwa ukaidi. Nyasi za mwaka huu hazikuwa mbaya.

Binti yako Solongo ameolewa. Hilo ulilisikia kwenye simu, ingawa sina hakika ulisikia nini, maana simu ya posta ilikuwa inakoroma kama ngamia, na nyuma yangu foleni nzima ilikuwa inasikiliza, wengine wakinisaidia kujibu. Uliniuliza kwa nini harusi iliyopangwa kiangazi imefanyika vuli, nikakujibu ni mambo ya karatasi. Kweli yalikuwa mambo ya karatasi. Lakini mengine hayasemeki posta, na moja, utaliona mwenyewe, usimwambie mtu yeyote anayeijua njia ya kuja huku. Mimina chai, kaa chini, nikusimulie.

Kwanza pokea pongezi. Tangu mwezi wa Aprili ulikuwa mtu wa ukoo wa Borjigin, yaani ukoo wa Chinggis Khan mwenyewe. Nilikuandikisha mimi. Kisha pokea pole, kwa sababu sasa wewe si Borjigin tena. Hilo nalo nimelifanya mimi, na usinikasirikie mpaka umalize kusoma.

Ilikuwa hivi. Serikali imeleta vitambulisho vipya, na kila kitambulisho lazima kiwe na jina la ukoo. Sasa wewe na mimi tumekua bila jina la ukoo, kama watu wote tuliowajua. Mapinduzi yalifuta majina ya koo mwaka 1925, baba yetu akiwa bado mtoto wa kuchunga kondoo, ili pasiwe tena na mwana wa bwana na mwana wa mtwana. Wazee waliojua wakanyamaza, walionyamaza wakasahau, na waliosahau wakafa. Leo serikali mpya inataka kila mtu akumbuke. Akumbuke kabla ya tarehe thelathini Aprili, saa za kazi.

Yule binti wa ofisi ya uandikishaji, Oyunchimeg, alikaa na kijitabu chenye majina ya koo zote zilizowahi kutajwa, na watu wakaja kuchagua kama wanavyochagua kitambaa dukani. Nilimsikia mzee mmoja akichungulia dirishani. "Binti, ile ya Khan bado ipo?" "Ipo, babu, haiishi." "Basi nikatie na mimi."

Wengine walikuja kwangu. Si mimi ndiye mwalimu wa historia? Walileta maziwa makavu, walileta paja la kondoo, mmoja alileta sabuni, na wote walikuwa na swali moja. "Mwalimu, sisi ni nani?" Ningesemaje? Nimefundisha historia ya nchi hii maisha yangu yote, na ukitaka kujua ni lini ushirika wetu wa mifugo ulivuka lengo la sufu, niamshe usingizini nitakwambia. Lakini kitabu nilichopewa kilisema kwamba kabla ya mapinduzi kulikuwa na giza, chawa na makabaila. Hakikusema ni chawa wa nani. Kwa hiyo niliwatazama watu usoni, nikatazama na lile paja la kondoo, nikawapa ukoo unaowafaa.

Wa kwetu nilijaribu kuukumbuka kwa haki. Nilimfikiria sana Babu Jamsran, lakini kila nikimfikiria naliona tenga lake tu. Unalikumbuka? Kila asubuhi, tenga mgongoni na uma wa mti mkononi, huyo anakwenda kuokota samadi kavu ya kuwashia moto, hata kama banda limejaa hadi mlangoni. Mama akimwambia, "Baba, imetosha," anajibu, "Samadi haitoshi." Na likija gari lolote, hata la kuuza sindano na vioo, watoto wote tulilikimbilia, isipokuwa yeye aliyekimbilia tenga. Wewe ulikuwa unamwigiza, umejifunga beseni mgongoni, na baba akakuchapa kofi ambalo hatukuelewa sababu yake. Basi kwa tenga peke yake utajuaje ukoo?

Hapa inabidi nikukumbushe habari za Dashzeveg, maana ndiye baba mkwe wa mwanao. Alikuwa daktari wa mifugo, na juu ya hapo katibu wa itikadi wa chama wilaya nzima. Hadi leo tunamwita Ndugu Katibu, naye hadi leo anaitika.

Mwaka 1962 mimi nilikuwa mwalimu mpya na yeye katibu mpya mwenye pikipiki. Mwezi wa Mei tukaambiwa Chinggis ametimiza miaka mia nane tangu azaliwe, ni mwasisi wa taifa, tumsherehekee. Stempu zikatoka. Nikakata picha yake kubwa gazetini, nikaibandika ukutani darasani kwa gundi ya mifupa niliyoichemsha mwenyewe, na watoto wakakariri sifa zake. Vuli ilipofika, Moscow walikuwa wamekunja uso. Dashzeveg akaja na pikipiki yake, vumbi hadi kwenye kope. "Mwalimu, mtoe huyo. Kumbe alikuwa mnyang'anyi." Nikavuta, hatoki. Unaijua gundi yangu. Dashzeveg akachukua kisu akwangue, kisha akasita, maana ilikuwa imekuja amri ya kumlaani lakini haikuja amri ya kumkwangua uso. Kukwangua bila amri nako kunaweza kuwa kosa.

Akaenda kwenye mfuko wa pikipiki, akarudi na bango la kazini kwake, la kufundisha usafi wa kukamua. Kiwele cha ng'ombe, chuchu nne, kikubwa kuliko Khan. Tukalibandika juu yake. Kwa miaka ishirini na minane nilifundisha ubaya wa makabaila chini ya kiwele kile, na jua la asubuhi likipiga upande wa dirisha, jicho moja la Khan lilionekana katikati ya chuchu, linanitazama. Wakaguzi walikuja na kuondoka. Mmoja alinisifu kwa kuunganisha historia na uzalishaji.

Mwaka 1990 chama kilipodondoka, aliyekuja kubandua kiwele alikuwa Dashzeveg yule yule, safari hii kwa miguu. Alifuta vumbi kwenye uso wa Khan kwa mkono wa joho lake na kusema, "Nilijua tu kwamba siku moja atatufaa."

Basi Aprili hii wa kwanza kuandikishwa Borjigin alikuwa nani? Ndugu Katibu. Alitundika picha ya Khan pale palipokuwa na picha ya Lenin, kwa msumari ule ule. Nami nikasema moyoni, ikiwa aliyemfunika ni mjukuu wake, sembuse mimi niliyembandika? Nikaenda nikaandikisha ukoo wetu wote, mimi, wewe na Solongo. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Ilipofika tarehe thelathini, karibu kituo kizima kilikuwa Borjigin. Tulisalimiana kwa heshima sana wiki hiyo. Mchinja kondoo alikuwa mwana wa mfalme, na dereva wa lori la maji vilevile, na yule mlevi wa karibu na kisima pia, ambaye alianza kulala upande wenye upepo mdogo kwa ajili ya hadhi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka jambo moja: watu wa mfupa mmoja, yaani ukoo mmoja, hawaoani, hata vipite vizazi tisa. Miaka themanini tulioana bila majina na hakuna mtoto aliyezaliwa na mkia. Tulipopata majina, ndoa zikasimama.

Aliyeligundua hilo ni Bibi Tsendayush, mama yake Dashzeveg, na aliligundulia hemani kwangu, siku ya posa.

Walikuja vizuri. Sergelen, mchumba mwenyewe, alinyoa hadi akajikata. Dashzeveg alivaa joho la hariri, na kifuani amebandika nishani ya Khan sambamba na nishani ya ushindi wa sufu. Tukabadilishana vichupa vya ugoro, maziwa ya farasi yakazunguka, kitambaa cha buluu kikatandazwa mikononi. Dashzeveg akasimama mbele ya moto wangu, akakohoa kama yuko mkutanoni.

"Sisi wa mfupa wa Borjigin, uzao wa dhahabu, tumekuja kuomba mkono wa binti yenu."

Nikamjibu kwa sauti ya darasani, "Na sisi wa mfupa wa Borjigin, uzao huo huo wa dhahabu, tumewapokea."

Bibi Tsendayush alishusha bakuli lake. "Hebu subirini. Mwanangu, umesemaje?"

"Borjigin, mama."

"Nao?"

"Borjigin, bibi," nikasema.

"Ala! Kumbe tumekuja kumposa dada yetu." Akakichukua kile kitambaa cha buluu, akakikunja mara mbili, akakiingiza kifuani. "Dashzeveg, chukua kofia. Twende nyumbani."

"Mama, hayo ni mambo ya karatasi tu!"

"Umeyatamka mbele ya moto wa watu. Moto hausomi karatasi, moto unasikia. Mmoja wenu aje ayarudishe maneno yake hapa hapa, ndipo mniite nije kunywa chai."

Wakatoka. Solongo alibaki ameshika birika, na Sergelen alirudi mara mbili kuchukua kofia ambayo alikuwa ameivaa.

Kuanzia hapo habari ilienea. Vijana wetu walikwenda wilaya ya jirani kutafuta wachumba, wakarudi jioni wamenuna, maana kule nako wote ni Borjigin. Na mimi na Dashzeveg tukaanza vita. Asubuhi tulikutana kisimani.

"Mwalimu, rudisha jina la watu."

"Rudisha wewe."

"Mimi nimeshachonga mhuri!"

"Nawe ndiye uliyemfunika babu yako kwa chuchu za ng'ombe."

"Na nani alimfundisha mwanangu mkubwa kwamba Khan ni mnyonyaji? Akapewa na alama za juu!"

"Alistahili. Hati yake ilikuwa nzuri. Na kitabu cha kufundishia nani aliniletea kwa pikipiki?"

"Nakupa farasi majike wawili, uache."

"Mimi nakupa watatu, uache wewe."

"Thubutu! Khan hauzwi!"

"Basi kwa nini umetaja bei?"

Watu waliacha ndoo zao zifurike ili wasikilize. Nitakwambia ukweli, Gombo, nilikuwa nafurahi. Tangu nistaafu sikuwa nimegombana vizuri na mtu aliyesoma.

Furaha hiyo ilikatika siku Solongo alipokuja kukaa upande wa jiko, pale anapokaa mtu mwenye jambo. "Shangazi," akasema, "mimi na Sergelen tumepeleka majina kwa watu wa kazi za Korea. Huko hawaulizi mfupa wa mtu. Wanauliza kama unaweza kusimama mashineni tangu asubuhi hadi usiku."

Nikamwuliza ni kwa muda gani. Akasema, "Miaka mitatu tu."

Wewe ulisema minne tu. Nilikusindikiza na mtoto wa miaka mitano ameshika kidole changu, na yule mtoto ndiye huyu anayeniambia mitatu. Niliogopa, mdogo wangu, nasema wazi. Nilitazama picha ya Khan niliyoitundika juu ya kabati, nikamwona mzee mnene asiyenihusu. Lakini bado sikujua nitarudije kwa Dashzeveg nikiwa nimeshindwa. Kiburi ni kibaya. Nilichagua njia ya kuzunguka nyuma, nikaenda kumbembeleza bibi.

Nilimkuta anaanika maziwa ya mgando juu ya paa la hema, amepanda kwenye ndoo, mtu wa miaka themanini na nane.

"Umekuja kunibembeleza au kunihonga?"

"Vyote viwili, bibi," nikasema, nikamwonyesha tofali la chai nililolileta.

"Weka hapo. Sasa nisikilize. Mmoja wenu ni mwongo, nami namjua, ila mwanangu nisingemwaibisha hadharani. Borjigin ni ninyi."

Nilicheka. Nilidhani ni uzee.

"Usicheke, Yanjin. Babu yako Jamsran alikuwa bwana wa eneo lote hili hadi kule mtoni. Si bwana mkubwa, lakini kofia yake ilikuwa na unyoya wa tausi, na alikuwa hajui hata kuchemsha chai. Ulipofika mwaka ule wa malori yaliyobeba watu wasirudi, mwaka wa thelathini na saba, mimi nilikuwa nimeolewa hivi karibuni. Asubuhi moja lori likaja. Babu yako alikuwa ameliona vumbi kwa mbali. Akaitupa kofia motoni, akanyakua tenga la mtumishi wake, akatoka nalo mgongoni. Wakamkuta njiani, wakamuuliza yeye mwenyewe, 'Yuko wapi kabaila Jamsran?' Akasema, 'Mabwana siwajui. Mimi ni mwokota mavi.'"

"Wakaamini?"

"Wangeaminije? Mikono yake laini kama ya lama. Wakatugeukia sisi tuliokuwa zizini. 'Ni kweli huyu ni mwokota mavi?' Tulinyamaza wote. Sikiliza, neno moja tu lilitosha kumpakia, na sisi tungepewa ng'ombe wake. Ndipo baba mkwe wangu, mchunga ngamia wa monasteri, mtu wa dharau sana, akatema mate chini na kusema, 'Huyo? Hata mavi yenyewe hajui kuokota vizuri.' Wale wanaume wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakapanda lori, wakaenda zao."

Gombo, nilikaa pale juu ya ndoo aliyoshuka yeye, nikacheka pamoja na wale watu wa lori, kisha nikaanza kulia, naye akanipa bonge la maziwa makavu nigugunegugune ninyamaze. Nikakumbuka tenga. Nikakumbuka samadi isiyotosha, na kila gari lililokuja, na lile kofi ulilochapwa na baba. Alikaa miaka zaidi ya ishirini bila kuthubutu kulitua lile tenga. Nami kwenye kitabu changu mwaka ule una nusu ukurasa tu: maadui wa mapinduzi waliondolewa. Niliwatungia watoto maswali ya mtihani kuhusu nusu ukurasa huo. Babu hayumo ndani yake kwa sababu ya tenga na mdomo mchafu wa mchunga ngamia.

"Na ninyi, bibi," nikauliza, "ni wa ukoo gani?"

"Sisi hatukuwa na ukoo, tulikuwa na ngamia." Akarudi kugeuza maziwa yake. "Usimwambie Dashzeveg. Chama kilimpa kadi nyekundu akajiona mtu, kisha kadi ikageuka karatasi ya kuvutia tumbaku. Sasa amepata Khan. Mwache azeeke naye, hana kingine."

Nilirudi kwa njia ya mbele. Nilipita katikati ya kituo hadi ofisi ya uandikishaji, nikamwambia Oyunchimeg afute Borjigin.

"Mwalimu, watu hawatoki, wanaingia tu! Sasa niandike nini?"

"Andika Argalchin."

Kalamu ikasimama. Unajua maana yake, wewe hujasahau lugha: waokota samadi. Akanitazama kama ninaumwa. "Mwalimu, huo haumo kitabuni."

"Ongeza, mwanangu. Vitabu vya historia huongezwa na kupunguzwa, muulize Ndugu Katibu."

Dashzeveg alipopata habari alikuja mbio, akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo halijatokea tangu ushirika ulipovuka lengo la sufu. "Mwalimu Yanjinlham, historia itakukumbuka!"

"Tafadhali isinikumbuke," nikamwambia. "Ila wale farasi majike wawili nawapokea."

Akanipa. Wa tatu alimwongeza mwenyewe, kwa huruma. Jioni ile nikayarudisha maneno yangu mbele ya moto ule ule wa hemani kwangu, na Bibi Tsendayush akaja kunywa chai.

Siku ya harusi kulikuwa na jua na upepo kidogo. Ulituma suti, ilimkaa Sergelen vizuri isipokuwa mikono. Dashzeveg alisema maneno mbele ya moto, na wewe unajua akishika bakuli haliachi. Alisema leo uzao wa dhahabu haukuona haya kuungana na wafanyakazi wa samadi, na kwamba huu ni muungano wa matabaka ambao vitabu viliuahidi na leo umetimia. Watu walipiga makofi. Bibi Tsendayush alipaliwa na chai ikabidi apigwe mgongoni, nami nikainamia viatu vyangu.

Solongo sikumficha. Jina lile lilimwuma mwanzoni. Alisema, "Shangazi, mwokota mavi kwenye kitambulisho changu?" Nikamweleza pembeni ya zizi, asubuhi ile ile ya harusi.  Aliingia bandani, akatafuta nyuma ya matandiko ya zamani, akatoka na tenga la Babu, limepinda na kamba moja imekatika. Kisha akatoka uwandani, na joho lake la harusi, akaanza kuokota.

Unajua bibi harusi ndiye anayewasha moto wa kwanza na kupika chai ya kwanza katika hema lake jipya. Basi aliingia na tenga mgongoni mbele ya wageni wote, akapiga magoti, akaanza kupanga samadi jikoni. Watu hawakujua kama hii ni heshima au ni matusi. Vipande vingine vilikuwa vibichi, moshi ukajaa, Dashzeveg akaanza kukohoa na nishani zake zote. Bibi Tsendayush akajiinua kitini, akachungulia tenga, akachungulia na bibi harusi, kisha akanitazama mimi.

"Huyu?" akasema. "Hata mavi yenyewe hajui kuokota vizuri."

Hema lote liliangua kicheko. Nami nilicheka hadi machozi, Gombo, na hakuna aliyeuliza machozi ni ya nini, kwa sababu ya moshi.

Majina ya Korea wameyafuta. Wanakaa hapa, upande wa pili wa kisima. Kila asubuhi naliona bomba la moshi wao nikiwa bado kitandani.

Wakikuuliza ubalozini ukoo wako, jibu bila kuona haya. Msalimie sana mke wako Renate, na umwambie zile soksi nzito zimefika na nimezivaa zote pamoja. Wanakusalimu Solongo na mumewe Sergelen, anakusalimu Bibi Tsendayush, ambaye anauliza kama huko Ujerumani ng'ombe bado wapo. Anakusalimu pia Ndugu Katibu Dashzeveg, mjukuu wa Chinggis Khan.

Njia yako iwe nyeupe, reli zako zisigande, na mbingu ya buluu ikufunike mpaka siku utakapokumbuka kwamba ile miaka minne imekwisha.

Ni mimi dada yako, ambaye sijachoka kukupenda wala kukugombeza,

Yanjinlham,
wa ukoo wa Waokota Samadi.